Kilichozama Chini ya Dumu

Dumu lilikuwa la mafuta ya kupikia, la lita tatu, limeoshwa likatakata, kisha likafungwa ndani ya kitenge ili abiria wenzake kwenye daladala wasijue kilichomo. Baba aliyelileta alilipitisha kwenye dirisha la mapokezi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi amana. "Mwanangu," aliniambia, "huu ni wa tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi. Sikumwaga hata tone." Nikamjibu, "Ahsante baba, umefanya vizuri," nikaandika saa kwenye rejista, nikaliingiza dumu kwenye friji lisubiri zamu ya kesho.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka wangu wa kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja kando ya Ziwa Victoria. Yule baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, wavuvi wa dagaa huwasha karabai ziwani na kuwavuta samaki kwenye mwanga. Mchana hulala kidogo, kisha hukaa juani wakianika dagaa na kushona nyavu. Huishi juu ya maji, lakini maji ya kunywa huwapita. Alikuwa na maumivu ya ubavu yanayokuja kwa vipindi na kushuka mpaka kinenani. Daktari alishuku jiwe la figo, ila picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Na kweli isingeonyesha, kama jiwe lingekuwa la asidi ya yuriki. Jiwe lenye kalisiamu hutokea jeupe kwenye picha; la asidi ya yuriki hupitisha miale kana kwamba halipo. Ndiyo maana daktari aliandika kwenye fomu: "Asidi ya yuriki, mkojo wa saa 24." Alikuwa anaiuliza maabara jambo ambalo eksirei haikuweza kumwambia, na swali hilo likaangukia mikononi mwangu.

Asidi hii kila mmoja wetu anayo. Chembe za mwili hufa na kuvunjwa kila siku, na ndani ya kila chembe mna purini. Purini nyingine huingia na chakula: maini, nyama, dagaa, bia. Purini ikishavunjwa, mabaki yake ya mwisho kwa binadamu ni asidi ya yuriki. Ng'ombe, mbuzi na mbwa wana kimeng'enya kiitwacho yurikesi, ambacho huigeuza asidi hiyo kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka kwa urahisi. Sisi hatuna. Jeni yake iliharibika zamani sana katika ukoo wetu, na sokwe naye hana. Kwa hiyo sisi huitoa asidi hiyo kama ilivyo, sehemu kubwa kupitia figo. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida katika mkojo ni kati ya miligramu 250 na 750 kwa siku.

Kesho yake nililitoa dumu kwenye friji. Juu mkojo ulikuwa safi, rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Chini kulikuwa na tabaka laini la waridi iliyokoza, kama vumbi la tofali lililotulia ndani ya ndoo ya fundi mwashi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba uchafu huziba pipeti na kupotosha usomaji wa mashine. Basi nikawa makini, na umakini wangu huo ndio uliokuwa kosa: niliinamisha dumu polepole tope lisitibuke, nikachota juu, kwenye mkojo safi.

Nikazimua mililita 1 ya mkojo kwa mililita 9 za maji, nikachanganya na kitendanishi, nikasoma rangi. Hesabu ikatoka miligramu 15 kwa kila desilita. Mkojo ulikuwa lita 1.5, yaani desilita 15. Mara moja nikapata miligramu 225 kwa siku. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: chini kidogo ya kiwango. Eksirei safi, asidi chini. Daktari akaona hakuna jiwe. Yule baba akapewa dawa ya maumivu, akavuka maji kurudi kisiwani kwake.

Baada ya miezi mitatu alirudi akiwa amejikunja, ameshikwa mkono na mdogo wake, uso umemtoka jasho.

Daktari aliandika kipimo kilekile. Safari hii mkojo ulikusanywa wodini, ukaletwa jioni, ukalala kwenye friji kama kawaida yetu. Asubuhi nilikuwa nimeshaliinamisha dumu, pipeti mkononi, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Binti, unachota wapi?"

Alikuwa Mzee wetu wa maabara. Hatukuwahi kumwita kwa jina. Kila aliyeingia alianza na "Shikamoo Mzee," naye alijibu "Marahaba" bila kuinua macho kwenye hadubini. Alisomea kazi hii miaka ya 1960, enzi ambazo vitendanishi vilipimwa kwenye mizani na kuchanganywa kwa mkono.

"Nachota huku juu, Mzee. Chini kuna uchafu."

"Nani kakwambia ni uchafu?"

Sikuwa na jibu. Alilichukua dumu, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama lile tabaka kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Lete kibakuli cha kauri, asidi ya nitriki na amonia."

Alichota tone la tope kwa pipeti, akaliweka kwenye kibakuli, akadondosha matone mawili ya asidi ya nitriki, akakiweka kibakuli juu ya mvuke wa maji yanayochemka. Tope likatoa mapovu, likakauka, likabaki doa la rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Akakiacha kipoe. Halafu akadondosha tone moja la amonia pembeni ya doa. Rangi ilibadilika mbele ya macho yangu: zambarau iliyoiva, ile inayobaki kwenye ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau mtini.

"Hiyo ndiyo asidi ya yuriki yako," alisema. "Ulikuwa unaiacha chini na kupima maji yake."

Kipimo kile huitwa mureksidi, jina lililotokana na konokono wa baharini ambaye watu wa kale walimkamua rangi ya zambarau. Kina umri mkubwa kuliko hospitali nyingi duniani. Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa Sweden, ndiye aliyeigundua asidi hii mwaka 1776, tena aliipata ndani ya mawe ya kibofu, na aliuona wekundu unaotokea inapokutana na asidi ya nitriki. Mwaka 1818 daktari Mwingereza William Prout akaichunguza zaidi rangi hiyo. Kipimo hicho hakisemi ni kiasi gani. Kinasema ipo au haipo. Asubuhi ile nilihitaji hicho tu.

Mzee hakuniruhusu nitupe mkojo wa juu niliokwisha kuuchota. Alitaka tupime mara mbili, kutoka dumu lilelile, ili nijionee mwenyewe. Kwanza tukachovya karatasi ya kupima asidi: pH 5. Tukaweka pembeni sampuli yangu ya juu. Kisha tukalitikisa dumu lote mpaka chini pasibaki kitu, tukamimina sehemu kwenye chupa, tukaongeza matone ya sodiamu hidroksaidi mpaka pH ikapita 8, tukaiweka chupa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa dakika kumi, tukiitikisa kila mara. Vumbi la tofali likapungua, likawa ukungu, ukungu ukaisha. Mkojo ukawa safi kwa mara ya pili, ila safari hii usafi wake ulikuwa wa kweli: kila kitu kilikuwa ndani.

Tukazimua zote mbili moja kwa kumi. Kitendanishi chetu kilikuwa cha yurikesi, kile kimeng'enya alichonacho mbuzi na asichonacho mwanadamu. Yurikesi huichukua asidi ya yuriki pamoja na oksijeni, huigeuza kuwa alantoini, na katika kazi hiyo hutoa haidrojeni peroksaidi. Kimeng'enya cha pili, peroksidesi, huitumia peroksaidi hiyo kuunganisha kemikali mbili zisizo na rangi zikawa rangi ya waridi. Asidi ikiwa nyingi, waridi hukolea, na mashine husoma ukolevu huo kwa mwanga wa nanomita 500 na kitu. Standadi yetu, yaani kimiminika chenye kiasi kinachojulikana, ilikuwa na miligramu 6 kwa desilita, nayo ilisomeka 0.150.

Sampuli ya juu ilisomeka 0.040. Mzee alinipa kalamu. Gawanya kwa 0.150, zidisha kwa 6, zidisha kwa 10 za kuzimua: miligramu 16 kwa desilita. Mkojo wa safari hii ulikuwa lita 1.4, kwa hiyo kwa siku ni miligramu 224. Karibu ileile niliyoiandika miezi mitatu nyuma.

Sampuli iliyotikiswa na kupashwa moto ilisomeka 0.145. Gawanya, zidisha, zidisha: miligramu 58 kwa desilita. Kwa siku, miligramu 812.

Mtu mmoja, dumu moja, mashine moja, mkono mmoja. Tarakimu moja inasema yuko chini ya kiwango, nyingine inasema amepita kiwango cha juu kabisa. Mashine ilikuwa imesoma sawasawa mara zote mbili. Haikudanganya, ilijibu kwa kile nilichokiweka mbele yake.

Kilichonikaa moyoni zaidi ni maelezo aliyoyatoa baadaye, tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje na chai. Mkojo wenye pH 5, alisema, hauwezi kubeba zaidi ya miligramu 15 hivi za asidi ya yuriki kwa desilita. Ukifika pH 7 hubeba zaidi ya 150. "Sasa itazame tena 16 yako," akaniambia. Nikaielewa. Ile 16 haikuwa kiasi kinachotoka mwilini mwa yule mvuvi. Ilikuwa kikomo cha mkojo wenye asidi kubeba mzigo. Ningeweza kumpima miezi kumi mfululizo nikapata 15 au 16 kila mara, nikajisifu kwamba kipimo changu hakiyumbi. Kipimo kinaweza kurudia jibu lilelile kila siku na bado kikawa kinarudia kosa.

Na kuna jambo la pili ambalo sikuliona mpaka aliponionyesha. Kilichotokea ndani ya dumu kwenye friji ndicho kilichokuwa kikitokea ndani ya figo ya yule baba. Mkojo mchache kwa sababu ya jua na kiu, wenye asidi kali, uliojaa kuliko uwezo wake, ukatua mashapo. Dumu lilikuwa limeniwekea ugonjwa wake mbele ya macho, na mimi nikauita uchafu.

"Majibu yaliyoharibika hayafichwi," Mzee alisema huku akisuuza kikombe. "Yanafuatwa." Tukapanda wodini pamoja. Nilimweleza daktari nilivyochota mara ya kwanza na tulivyopima mara ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza pH, akaiandika. Kisha nikaenda kwenye kitanda cha yule mvuvi. Nilimwambia, "Baba, kipimo chako cha kwanza mimi ndiye niliyekikosea. Naomba unisamehe." Alinitazama kwa muda. "Na cha sasa umekipata?" Nikasema nimekipata. "Basi tushukuru Mungu, mwanangu," alisema, akageukia ukutani kwa maumivu. Msamaha ule ulikuwa mzito kuubeba kuliko ambavyo karipio lingekuwa.

Mawe ya asidi ya yuriki yana jambo moja jema: yanaweza kuyeyuka humohumo ndani. Mgonjwa hunyweshwa maji mengi, hupewa dawa ya kuupunguzia mkojo asidi, na pale asidi inapotengenezwa kupita kiasi huongezewa alopurinoli. Yule baba alianza dawa wiki ileile. Alipokuja kliniki baada ya miezi kadhaa alipita dirishani kwetu na fungu la dagaa kwenye gazeti, na chupa ya maji kwapani.

Tangu siku ile nilianza kukisoma kipimo hiki kwa njia nyingine, nikiwa na Mzee pembeni na daftari lake kuukuu. Niligundua kwamba kila aliyetutangulia alipambana na tabia hiyohiyo ya asidi ya yuriki ya kuzama. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Frederick Gowland Hopkins, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1929 kwa kazi ya vitamini, alitengeneza njia ya kuipima katika mkojo kwa kuizamisha makusudi. Aliujaza mkojo kloridi ya amonia mpaka asidi yote ikashuka kama chumvi, akaichuja, akaitoa kwenye chumvi yake kwa asidi ya hidrokloriki, kisha akaipima kwa mizani au kwa pamanganeti. Yeye alizamisha ili apate kila chembe. Mimi nilizamisha bila kujua, nikaitupa. Tendo ni moja. Tofauti ni kujua.

Mwaka 1912 Otto Folin na wenzake huko Marekani walileta njia ya rangi: asidi ya yuriki huipokonya asidi ya fosfotungstiki oksijeni, na kimiminika hugeuka buluu. Mwaka 1922 Benedict na Franke wakaiboresha ili mkojo upimwe moja kwa moja, bila kuuzamisha kwanza, lakini walihitaji sayanidi, sumu ambayo walimu wa Mzee walimsimulia kwa sauti ya chini. Baadaye kaboneti ikachukua nafasi yake. Hiyo buluu ndiyo aliyojifunzia Mzee ujanani. Mwaka 1947 Herman Kalckar, Mdenmaki, akaonyesha njia ya ustadi zaidi: asidi ya yuriki humeza mwanga wa nanomita 293, alantoini haiumezi. Weka yurikesi, tazama mwanga unaomezwa unavyopungua, na huko kupungua ndiko kipimo chenyewe. Njia yetu ya rangi ya waridi ni mjukuu wa wazo hilo.

Kila njia ina udhaifu wake, na udhaifu huo lazima mpimaji aujue kama dereva anavyozijua breki za gari lake. Mfano ni vitamini C. Mgonjwa akimeza vidonge vyake kwa wingi, hutoka kwenye mkojo. Kwenye njia ya zamani ya buluu, vitamini C nayo hupokonya oksijeni, hivyo jibu hupanda kwa uongo. Kwenye njia yetu ya waridi huila ile peroksaidi kabla haijafanya rangi, hivyo jibu hushuka kwa uongo. Mgonjwa yuleyule, kidonge kilekile, makosa mawili yanayokwenda pande mbili. Hakuna mashine itakayokuambia mgonjwa alimeza nini jana. Atakuambia yeye mwenyewe, ukimuuliza.

Tulianza kubadilisha mambo. Dumu la asidi ya yuriki likawa linatoka maabara, si jikoni kwa mgonjwa, likiwa na mililita 10 za sodiamu hidroksaidi kali ndani na lebo kubwa ya tahadhari, kwa sababu huunguza ngozi. Haliingii friji. Mawe ya kalisiamu yakishukiwa pia, mgonjwa hupewa siku nyingine na dumu jingine, maana kwa kalisiamu dumu huwekwa asidi, na asidi ndiyo inayoizamisha yuriki. Nesi akija kuomba dumu moja la vipimo vyote viwili, tulimweleza kwa upole kwa nini haiwezekani.

Tukabadilisha pia maneno. Zamani tulimwambia mgonjwa, "Kusanya mkojo wa saa 24," tukadhani tumemaliza. Wengine walianza na mkojo wa kwanza wa asubuhi na kuishia na wa kwanza wa kesho yake, wakaleta mikojo ya usiku wa siku mbili. Sasa tulimwambia hivi: ukiamka saa kumi na mbili, mkojo wa kwanza umwage chooni, huo ni wa jana. Kuanzia hapo kila tone liingie humu, mchana na usiku, hata ukienda haja kubwa anza na haja ndogo. Kesho saa kumi na mbili, mkojo wa kwanza usimwage. Huo ni wetu. Kisha tulimwomba aturudishie maelezo kwa maneno yake. Akikosea, tunarudia, bila kumwonea haya wala kumtia haya.

Miaka michache baadaye somo lile lilirudi likiwa na haraka ya kutisha. Katika wodi ya watoto alilazwa mvulana wa miaka saba mwenye uvimbe mkubwa wa taya. Ni saratani ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, na ambayo kwetu ukanda wa ziwa tunaifahamu kwa sura. Uvimbe ule hukua upesi, na habari njema ni kwamba hufa upesi kwa dawa. Lakini kufa huko kuna gharama. Mamilioni ya chembe hupasuka kwa pamoja, purini zao humwagika kwenye damu, asidi ya yuriki hupanda, na mirija ya figo inaweza kuzibwa na fuwele. Mtoto anaweza kupona saratani akafa kwa figo. Kwa ajili hiyo huanzishiwa alopurinoli mapema, dawa iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Siku ya pili ya dawa, mkojo wa yule mtoto ulipungua. Usiku huo nilikuwa zamu. Hakukuwa na nafasi ya kusubiri saa 24. Katika hali kama hiyo hupimwa mkojo wa mara moja, asidi ya yuriki kwa kreatinini, na uwiano ukizidi 1, figo zinashukiwa kuziba kwa yuriki. Nilimpigia sista wa zamu: "Usiuache mezani, usiuweke friji. Uje nao mkononi." Alishuka ngazi mbiombio ameifumbata chupa kiganjani, na alipoipokeza ilikuwa bado ya vuguvugu. Nikaitikisa, nikaigawa pale pale. Sehemu ya yuriki nikaitia alkali, ikaingia kwenye maji ya moto. Kreatinini nikaipima kwa pikireti, ile rangi ya chungwa aliyoieleza Max Jaffe mwaka 1886.

Asidi ya yuriki miligramu 112 kwa desilita. Kreatinini 80. Uwiano 1.4.

Nilipiga simu wodini kabla sijaandika kwenye rejista. Usiku uleule daktari aliongeza maji ya mishipani na kukaa naye karibu. Siku ya nne asubuhi nilikutana na mama wa yule mtoto kwenye foleni ya bomba la maji. "Dada, mwanangu amekojoa," aliniambia, kwa furaha ambayo watu wengine huiweka kwenye habari za harusi. Nilifurahi naye. Moyoni nilimkumbuka mvuvi, kwa sababu mtoto yule alipimwa sawasawa kutokana na maumivu ya mtu mwingine.

Leo maabara nyingi zina mashine zinazozimua zenyewe, zinazosoma zenyewe na kutuma majibu kwenye kompyuta ya daktari. Nimezitumia na ninazipenda. Lakini hakuna hata moja inayotikisa dumu. Sindano yake huchovya mahali ilipoelekezwa, kama pipeti yangu ya siku ile, na kilichozama huachwa kilipo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Miaka yangu kwenye benchi la maabara imenifunza pacha wa methali hiyo: usione vimezama ukadhani si vyako.

Kwenu vijana mnaoingia maabara: mkiona mashapo, msiyakwepe. Yatazameni, yatajeni, yaandikeni, kisha yayeyusheni kabla ya kupima. Mkikosea, pandeni wodini mkaseme. Mgonjwa ana haki zaidi ya kupata jibu sahihi kuliko nyinyi mlivyo na haki ya kuonekana hamkosei. Kwenu madaktari na wauguzi: jibu lisipofanana na mgonjwa mnayemwona, tupigieni simu, tutaanza upya bila kununa. Na wewe msomaji, siku utakapopewa dumu, uliza limewekwa nini ndani, lihifadhiwe wapi, uanze saa ngapi na umalize saa ngapi, na utaje kila kidonge unachokunywa. Kipimo chako huanza hapo, mikononi mwako.